Ukubwa wa ukurasa kwanza, rangi baadaye

MEZA YA MSOMAJI
Na Mwanaidi Kitwana

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, ujumbe wa aina moja huingia kwenye simu yangu. Safari hii umetoka kwa mama mmoja wa Tanga, muuguzi. "Shikamoo Dada Mwanaidi. Kuna kile kifaa cha kusomea vitabu, kikubwa, kina rangi, kina kalamu yake na kamusi ndani. Wanasema kimetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Nikikinunua, na mimi nitakitumia? Mimi ni mtu wa riwaya, mashairi na magazeti tu, nasoma nikitoka zamu."

Marahaba, mama. Ukubwa wake utakufaa sana. Rangi yake haitakufaa. Shida ni kwamba matangazo yote yanapiga debe la rangi, na ukubwa unatajwa kwa maandishi madogo chini, kwa hiyo watu wanatoa fedha zao nyingi kwa kitu watakachokitumia kidogo.

Nianze na kifaa kilichowahi kuuzwa kwa hoja hiyo hiyo. Mwaka 2012 kampuni ya Ectaco ya New York, iliyokuwa ikijulikana kwa kamusi za kielektroniki na mashine za kutafsiri, iliuza kisomaji kilichoitwa jetBook Color. Kilikuwa na kioo cha inchi 9.7, kalamu ya kuandikia juu ya kioo, kamusi na mazoezi ya mitihani, na kililengwa shuleni waziwazi. Bei yake ilikuwa karibu dola 500. Kwa fedha hiyo mtu alipata iPad, na kwa chini ya dola 100 alipata Kindle, kisomaji kidogo cha Amazon cha kusomea riwaya. Rangi za jetBook Color zilikuwa hafifu mno, na hakikuwa na taa ya ndani, kwa hiyo giza likiingia ilibidi uwashe taa ya mezani na kukiinamisha huku na huku ili uone. Mwanafunzi aliyekuwa na uwezo wa kuchagua alichukua kishikwambi. Msomaji wa kawaida alichukua Kindle. Kifaa kilichotaka kuwafaa wote wawili hakikupata nafasi kwa yeyote.

Tangu wakati huo teknolojia imesonga mbele, na ingekuwa dhuluma kuhukumu vifaa vya leo kwa kosa la 2012. Ila ule udhaifu wa msingi bado upo, na kuuona lazima tuingie ndani ya kioo.

Kioo cha wino wa kielektroniki hakiwaki kama cha simu. Ndani yake mna vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na katika kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipita, chembe za aina moja hupanda juu na za pili hushuka, na herufi zikajichora. Baada ya hapo umeme hautumiki tena mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo sababu chaji hukaa wiki kadhaa, na ndiyo sababu unaweza kusoma chini ya jua kali bila kioo kukumulika machoni. Mwanga unaokufikia ni ule ule wa jua au wa balbu, umegonga ukurasa ukarudi.

Sasa rangi inaingiaje? Visomaji vingi vya rangi vinavyouzwa leo vinatumia teknolojia ya kampuni ya E Ink iitwayo Kaleido, na toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2022. Hakuna chembe za rangi ndani yake. Ni kioo kile kile cha nyeusi na nyeupe, kilichofunikwa utando wa vichujio vidogo vyekundu, vya kijani na vya bluu. Mwanga unapita kwenye kichujio ukienda, unapita tena ukirudi, na kila mara sehemu yake inabaki njiani. Matokeo ni kwamba ukurasa unaopaswa kuwa mweupe unakuwa wa kijivu, hata pale unaposoma riwaya isiyo na picha hata moja. Ni kama kusoma kitabu kilicho nje huku wewe umekaa ndani ya chandarua. Herufi nyeusi hupata nukta 300 kwa inchi, rangi hupata 150 tu, na jumla ya rangi ni 4,096, idadi ambayo hata simu ya bei rahisi inaipita mbali.

Msomaji wa riwaya, basi, anaulipia utando huo mara mbili: kwanza dukani, kisha kila jioni kwenye ukurasa wenye kiza. Mchana wa Dodoma, ukiwa barazani au chini ya mwembe, kisomaji cha rangi kinapendeza kweli, kwa sababu jua ni jingi na utando una cha kupoteza. Lakini watu wangapi wanasoma saa sita mchana? Mama muuguzi anasoma usiku, sebuleni, chini ya balbu moja, wakati wengine wamelala. Hapo atalazimika kuwasha taa ya ndani na kuipandisha, na taa hiyo ndiyo inayokula chaji kuliko kitu kingine chochote. Sifa mbili zilizotufanya tuvipende vifaa hivi, weupe wa ukurasa na chaji ya wiki nyingi, zote zinapunguzwa kwa ajili ya rangi ambayo kwenye riwaya ataiona kwenye jalada peke yake.

Ipo njia nyingine ya kuleta rangi, inayotumia chembe za rangi zenyewe badala ya vichujio. Kampuni ya reMarkable iliifuata mwaka 2024 katika kifaa chake cha Paper Pro. Inatoa rangi zilizokolea zaidi, lakini ukurasa wa rangi huchelewa kubadilika, na bei ni kubwa. Mwenye kazi ya kuandika na kuchora ataiangalia kwa makini. Msomaji wa jioni haimhusu.

Nimesema ukubwa utakufaa, na hapa naomba uvumilivu kidogo, maana hoja hii siisikii ikisemwa, na kwa msomaji wa Kiswahili naiona ndiyo kubwa kuliko zote.

Msomaji wa London au Chicago anaambiwa kwamba kioo cha inchi sita kinatosha, na kwake kinatosha kweli. Riwaya anayonunua iko katika muundo wa EPUB au wa Kindle, ambamo maneno hujipanga upya kulingana na kioo. Akikuza herufi, mistari inajirekebisha. Sisi tunasoma nini kwenye vifaa vyetu? Tunasoma PDF. Vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye Maktaba Mtandao viko kama kurasa zilivyochapwa. Hukumu nyingi zilizo kwenye tovuti ya sheria ya TanzLII ni PDF. Tasnifu za vyuo vikuu, hotuba ya bajeti, kitabu cha zamani kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zote ni PDF. Na PDF haijipangi upya. Ukurasa wa A4 ukiingizwa kwenye kioo cha inchi sita, ambacho hakifiki ukubwa wa postikadi, herufi zinabaki chini ya nusu ya ukubwa wake. Ukikuza, unasoma nusu mstari, unasogeza kulia, unarudi kushoto, unashuka, unapotea. Mtu anafanya hivyo kwa kurasa tatu kisha anaweka kifaa kabatini na kusema visomaji havina maana. Wenye vifaa vidogo wengi niliozungumza nao waliishia hapo hapo.

Kioo cha inchi kumi na kitu, ambacho ndicho cha vifaa vingi vya wanafunzi, kina ukubwa wa karibu A5, yaani nusu ya karatasi ya A4. Kitabu cha kawaida cha riwaya kinaingia chote kwa ukubwa wake halisi. Ukurasa wa A4 unapungua, lakini bado unasomeka kwa macho mazima.

Kisha kuna ushairi, na hili linaniuma moyoni. Ubeti wa shairi letu la kawaida una mishororo minne, na kila mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, vina vya kati vikishuka chini ya vingine na vina vya mwisho vivyo hivyo. Jicho linaona vina kabla sikio halijavisikia. Ukurasa wa shairi umejengwa kwa nguzo mbili. Sasa lifungue shairi hilo kwenye kioo kidogo, kwa herufi ambazo mtu wa miaka hamsini anaweza kuziona. Mshororo unakatika. Utao unaangukia mstari wa pili, mara nyingine neno moja tu ndilo linaloanguka, nguzo zinabomoka, na mtu anayesoma kwa sauti anajikwaa kwenye kila mstari. Watoto wanaoambiwa kwamba Shaaban Robert ni mshairi mkubwa, kisha wakaoneshwa tungo zake zimevunjwavunjwa namna hiyo, wataujuaje ukubwa wake?

Mfano mwingine ni Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapishwa mwaka 1969, yenye Kiarabu, tafsiri ya Kiswahili na maelezo. Mwenye kuisoma anataka kuviona vyote vitatu kwa pamoja, macho yake yakienda na kurudi. Kwenye kioo kidogo anaona kimoja na kukikosa kingine.

Nawafikiria pia wazee, na ndugu zetu wenye ualbino ambao wengi wao wana uoni hafifu. Kwao herufi kubwa ni sharti la kusoma. Herufi kubwa kwenye kioo kidogo maana yake ni maneno manne kwa mstari na kidole kisichopumzika. Kwenye kioo kikubwa wanapata aya nzima, na weupe wa ukurasa, ambao rangi inaupunguza, ndio unaowapa tofauti ya wazi kati ya herufi na karatasi.

Kuna jaribio la zamani linalounga mkono haya. Mwaka 2009 Amazon ilitoa Kindle DX, kisomaji cha inchi 9.7, nyeusi na nyeupe, kwa dola 489, na ikakipeleka katika vyuo kadhaa vya Marekani kikajaribiwe badala ya vitabu vya kiada. Princeton walikitumia, na shule ya biashara ya Darden ya Chuo Kikuu cha Virginia pia. Wanafunzi walilalamika kwamba kuandika pembeni mwa ukurasa kulikuwa kwa taabu, na kwamba hawakuweza kurukaruka kati ya sura kwa haraka ambayo mjadala wa darasani unadai. Arizona State walishtakiwa na jumuiya za wasioona, kwa sababu kifaa kiliweza kusoma kitabu kwa sauti lakini menyu zake hazikusemwa, na asiyeona hakuweza hata kukifikia kitabu chenyewe. Pale Darden, walio wengi hawakukipendekeza kwa darasa. Lakini walipoulizwa kuhusu kusoma vitabu vya kujifurahisha, walikisifu karibu wote. Kifaa kilichopelekwa kwa ajili ya masomo kiliwafaa kwa usomaji wa kujifurahisha, na naamini kilichowafaa hapo ni kioo kipana chenye ukurasa safi.

Na binti wa kidato cha tatu? Kwake rangi ina kazi, silikatai hilo. Kwenye Baiolojia, ateri na vena hutofautishwa kwa nyekundu na bluu. Kwenye Kemia, litmasi isiyo na rangi haimfundishi mtu kitu. Kwenye Jiografia kuna ramani. Rangi hafifu za Kaleido zinatosha kutenganisha nyekundu na bluu. Kwenye ramani yenye mistari ya kontua ya kahawia juu ya kijani cha msitu, nukta 150 zinamwacha akikisia. Ukiongeza kwamba masomo yake ya leo yana video na majaribio ya kutazama, ambayo wino wa kielektroniki hauyawezi vizuri hata kidogo, utaona kwamba mwanafunzi anayehitaji rangi kwa dhati huhudumiwa vyema zaidi na kishikwambi cha kawaida, au na kitabu cha karatasi. Kenya walipoanza mwaka 2016 kugawa vishikwambi katika shule za msingi za umma, walichagua vioo vya kawaida vyenye rangi kamili, na kwa kazi ile sioni kama walikosea aina ya kioo.

Kwa watoto wadogo neno langu ni fupi. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi nyingi za bure zenye picha za kupendeza, zikiwemo za Kiswahili. Zichapishe. Mtoto wa miaka mitano anastahili nyekundu iliyo nyekundu.

Sababu nyingine ya kuwa mwangalifu ni udhaifu wa vioo hivi. Shirika la Worldreader lilianza mwaka 2010 kupeleka visomaji katika shule za Ghana, likaja Kenya na Uganda. Watoto walisoma, na walimu walifurahi, lakini vioo vilivunjika kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Nyuma ya ukurasa huo wa wino mara nyingi kuna bamba jembamba la glasi. Mtoto akikalia begi, kimekwisha. Worldreader baadaye iliweka nguvu kubwa kwenye simu. Kifaa kikubwa kina bamba kubwa, na begi la mwanafunzi kwenye daladala halina huruma. Ukikinunua, nunua na kava gumu siku hiyo hiyo, tena uulize kama vipuri vinapatikana. Mwaka 2024 Kobo, kampuni ya visomaji, ilishirikiana na iFixit, kampuni ya maelekezo ya ukarabati, kuweka vipuri na maelekezo ya ukarabati kwa wateja, jambo linalompa fundi wa mtaani pa kuanzia. Hilo kwangu lina uzito kuliko rangi elfu nne.

Bei nazo zinaeleza. Katika vifaa vidogo tofauti ni ndogo: mwaka 2024 Kobo Clara ya nyeusi na nyeupe ilitoka kwa dola 129.99, na ya rangi kwa dola 149.99. Katika vikubwa, rangi inakamua. Septemba 2025 Amazon ilitangaza Kindle Scribe mpya kwa dola 499.99, na ndugu yake wa rangi kwa dola 629.99. Tofauti ni dola 130, yaani bei ya Kobo Clara nzima, na hizo ni bei za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Kwa hiyo, mama, kama fedha ipo, chukua kikubwa cha nyeusi na nyeupe, hata cha mtumba kama kioo ni kizima na chaji inakaa, na ile tofauti mnunulie binti vitabu vya kiada vya karatasi vyenye picha za rangi. Usiku kifaa kitakuwa chako.

Kabla hujalipa, nenda dukani na PDF yako mwenyewe kwenye simu. Usikubali kuoneshwa picha za maua na samaki zilizokuja na kifaa. Omba wafungue kitabu cha Baiolojia cha binti, kisha diwani moja ya mashairi. Zima taa ya ndani. Sogea mbali na mlango, simama mahali penye mwanga kama wa sebule yako, usome ukurasa mzima bila kukuza. Muuzaji akikataa kuingiza faili lako, nenda duka jingine.

Limebaki neno kwa wachapishaji wetu, na ninalisema kwa uchungu, kwa sababu haya yote yangepungua kama wangetaka. Tunalazimika kununua kioo kikubwa, kwa mamia ya dola, kwa kuwa faili tunazopewa haziwezi kujipanga upya. Muundo wa EPUB uko wazi kwa kila mtu. Tangu 2022 hata Amazon inazipokea faili hizo kwa anayetaka kuzituma kwenye Kindle yake. Riwaya ya Kiswahili ikitolewa kwa EPUB, kisomaji kidogo na cha bei nafuu kuliko vyote kinamtosha muuguzi wa Tanga, na simu ya jirani yake vilevile. Kwa asiyeona, faili la aina hiyo likiandaliwa ipasavyo husomwa kwa sauti bila kukwama, wakati ukurasa uliopigwa picha kwake ni ukuta. Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo yenye maandishi ya awali ya vitabu vya kiada, si picha zake. Ianze na vitabu vya fasihi vya sekondari, ambavyo havina michoro ya kusumbua, itoe EPUB kando ya PDF, kwenye Maktaba Mtandao ile ile. Na atakayepanga mashairi apange kila kipande cha mshororo kisimame peke yake pale kioo kinapokuwa chembamba, ukwapi juu na utao chini, ili kikatike mahali mshairi mwenyewe alipopumua.